Aliyeachiwa Kibonge

Jani la kwanza lilidondoka lenyewe. La pili lilidondoka alipoligusa. La tatu Chiriku hakuligusa wala hakulipumulia, alilitazama tu, nalo likateleza kutoka kwenye shina likaanguka mezani kwa sauti ndogo ya kitu kilicholowa.

"Usinifanyie hivi," alikiambia kile kimmea. "Nakuomba. Kesho anakuja mama."

Kilikuwa kimmea kidogo, kimo chake hakizidi ngumi ya mtu mzima. Majani yake yalikuwa manene kama vidole vya mtoto mchanga, yamejipanga duara juu ya duara, ya kijani yenye ncha nyekundu. Kwa unene huo ndipo kilipopata jina la Kibonge. Kilikuwa hivyo mpaka juzi juzi. Sasa majani ya chini yalikuwa ya manjano, yamelegea, unaona mpaka upande wa pili kama kitunguu kilichopikwa.

Kibonge hakikuwa chake. Hata jiko alilosimama ndani yake halikuwa lake. Nyumba ilikuwa ya Futi, mpima ardhi, aliyebandikwa jina hilo na wenzake kazini kwa sababu ya urefu wake na ile futi ya chuma isiyotoka mfukoni mwake. Futi alikuwa amefiwa na mke, mwaka wa nne huu. Na Kibonge kilikuwa cha marehemu.

Chiriku alikuwa fundi miwani. Kutwa nzima alikaa nyuma ya kaunta ya duka dogo mjini, akisaga vioo, akikaza skrubu ndogo kama chembe za mchanga, na akiongea na wateja bila kupumzika, tabia aliyokuwa nayo tangu utotoni, ndiyo maana hawakupata jina jingine la kumfaa. Futi aliingia dukani siku moja na miwani iliyolegea. Chiriku akaikaza. Baada ya siku chache akarudi nayo imelegea tena. Aliporudi mara ya tatu, Chiriku aliitazama ile skrubu kwenye lenzi yake ya kukuzia, akaona alama za kisu.

"Kaka, hii inalegezwa makusudi," alisema.

"Najua," Futi alijibu, macho yake yakiwa kwenye kaunta. "Sikupata kisingizio kingine."

Wakaanzia hapo. Na mwezi uliopita, kwenye meza hii hii ya jikoni, Futi alimwomba awe mke wake, kwa sauti ya chini sana mpaka Chiriku alilazimika kumwambia arudie. Kisha akapelekwa porini kupima njia ya barabara mpya, wiki tatu. Akamwachia funguo za ziada, na alipokuwa mlangoni na begi begani akasema, "Kitu kimoja tu nakuomba. Niangalizie Kibonge. Mama akija, huwa anaanzia kwake."

Mama aliyemtaja alikuwa mama wa marehemu. Yeye ndiye aliyekiotesha Kibonge kutoka kwenye jani moja la mmea wake mwenyewe, akampa bintiye siku alipoolewa.

Basi Chiriku alikiangalia. Nani angekiangalia zaidi yake? Kila asubuhi kabla ya kazi alipita pale akakimwagilia. Alikifuta majani kwa kitambaa laini. Alikiondoa dirishani jua lisije likakiunguza, akakiweka ndani kwenye kivuli. Alikinunulia bakuli la udongo lililopakwa rangi ya bluu, zuri la kupendeza, akakihamishia humo. Kilipoanza kulegea alidhani kina kiu, akakiongezea maji.

Akampigia simu dada yake.

"Dada, kinakufa."

"Nani anakufa?" sauti ya Dada ilipanda. "Sema! Nani?"

"Kibonge."

Upande wa pili ulisikika mvuke wa pasi, kisha pumzi ndefu. "Mdogo wangu, umenifanya niache pasi juu ya shati la watu. Mimi nilidhani mtu."

"Kesho mama wa marehemu anafika, na Futi anafika. Nimeachiwa kitu kimoja, Dada. Kimoja! Watanionaje?"

"Watakuona mtu ambaye mmea umemfia. Mimea hufa."

"Hiki si mmea tu."

"Hapo sasa umesema," Dada alisema, na sauti yake ikashuka. "Hapo ndipo ninapokuogopea. Picha yake iko ukutani. Kikombe chake kiko kabatini, hakishikwi. Mmea wake una jina na unaulizwa hali kwa simu. Haya, wewe utakaa wapi humo? Kwenye stuli?"

"Futi ananipenda."

"Nimesema hakupendi? Nimeuliza utakaa wapi." Pasi ikatoa mvuke tena. "Na huyo mama, ameshaambiwa kwamba kijana anaoa?"

"Atamwambia."

"Atamwambia, au amemwambia?"

Chiriku aliiondoa simu sikioni akaitazama, kana kwamba ilikuwa imepata moto. Swali hilo hakuwahi kulipenda. Aliwahi kumuuliza Futi mwenyewe, naye akajibu, "Niachie mimi," akambusu kwenye paji la uso, na mambo yakaishia hapo.

"Kanunue kingine kinachofanana," Dada alisema mwishowe. "Bibi wa watu atajuaje? Majani ni majani."

Lilikuwa wazo la aibu. Chiriku alilikataa palepale. Alilikataa akiwa anavaa viatu, alilikataa akishuka ngazi, na alikuwa bado analikataa alipokuwa amesimama mbele ya kibanda cha muuza miche akinyoosha kidole: "Kile pale. Hapana, cha nyuma yake. Chenye ncha nyekundu."

Alirudi nacho amekikumbatia kama mtu aliyeiba. Akaviweka viwili mezani, kimoja kando ya kingine, na moyo wake ukamshuka. Kipya kilisimama wima, kinang'aa, hakina kovu. Kibonge shingo yake ilikuwa imepinda kushoto kwa miaka ya kufuata mwanga wa dirisha lile lile. Hata kipofu angevitofautisha kwa kupapasa.

Hata hivyo alitandaza gazeti. Akakichomoa Kibonge kutoka kwenye bakuli la bluu. Udongo ulitoka na maji yakichuruzika, na mizizi ilikuwa myeusi, imelainika, inanuka kama maji ya maua yaliyosahauliwa kwenye chombo. Alikuwa amekishika hivyo, tope limempanda mpaka kwenye viwiko, kengele ya mlango ilipolia.

Alidhani ni jirani. Alifungua kwa kiwiko.

Mlangoni alisimama mama mfupi, mtu mzima mwenye miwani, gauni lake limepigwa pasi likasimama, mkoba mmoja mkononi na mwingine sakafuni. Alimtazama Chiriku usoni, kisha mikononi, kisha tena usoni.

"Shikamoo, mama," Chiriku alisema.

"Marahaba. Wewe ndiye binti wa kuangalia nyumba?"

Chiriku alifungua mdomo. Yeye, aliyeweza kuongea na nguzo ikamjibu, hakupata neno. Aliona midomo ya yule mama ikiendelea kusogea, akasikia kwa mbali.

"...mkwe wangu aliniambia amemwachia binti mmoja mwaminifu funguo. Basi nimepata gari la jirani linakuja huku, nikaona nisingoje kesho. Nimempigia njiani, anasema naye anawahi. Utaniacha hapa mlangoni?"

"Hapana, mama. Karibu. Karibu ndani, mama. Samahani."

Binti wa kuangalia nyumba. Maneno yale yalimfuata nyuma alipokuwa akibeba ule mkoba. Si mchumba. Si hata rafiki. Huyo mama hakuyabuni, aliambiwa. Na wa kumwambia alikuwa mmoja tu.

Mama alisimama sebuleni, akaitazama picha ya bintiye ukutani kama mtu anayesalimia. Kisha akaenda moja kwa moja dirishani. Kizingiti kilikuwa kitupu, pamebaki duara la vumbi pale chungu kilipozoea kukaa.

"Yuko wapi?" aliuliza, bila kugeuka.

Chiriku angeweza kudanganya. Kipya kilikuwa pale jikoni, kingefaa walau kwa dakika tano. Lakini alikuwa na tope mpaka kwenye viwiko, na mwenye tope namna hiyo hana nguvu ya kutunga uongo.

"Yuko jikoni, mama. Nimemzamisha. Nilikuwa namwagilia kila asubuhi. Nikaona anakufa, nikaogopa, nikanunua kingine nikuoneshe wewe. Viko mezani vyote viwili."

Mama aligeuka taratibu. Akapita mbele yake, akaingia jikoni. Chiriku alimfuata akihesabu makosa yake: gazeti, tope, majani yaliyosambaa, kile kimmea kipya kilichosimama pale kifua mbele. Mama alikiinua Kibonge kwa vidole viwili, akakigeuza, akanusa mizizi. Kisha akalichukua bakuli la bluu, akalipindua, akalitazama chini.

"Halina tundu."

"Mama?"

"Bakuli lako. Halina tundu chini. Maji yanatokea wapi?"

Chiriku alilitazama. Halikuwa na tundu. Wiki tatu alilishika kila siku na hakuliona hilo. "Nililipenda rangi," alisema, na sauti yake ikakatika.

"Kila asubuhi!" Mama alitikisa kichwa. "Hiki kinaweka maji yake kwenye majani, ndiyo maana yamenenepa. Unakinywesha, unakiacha udongo ukauke kabisa, ukauke mpaka ndani, ndipo unakinywesha tena. Hakitaki kuhurumiwa kila siku. Na jua kinalitaka. Nani alikiondoa dirishani?"

"Mimi."

"Wewe tena." Akavuta kiti, akakaa. "Mwanangu alikuwa akikisahau hata mwezi mzima. Alikuwa msahaulifu yule, angesahau kichwa chake sokoni. Nilikuwa namfokea. Kumbe kilikuwa kinanenepa kwa usahaulifu wake." Akakohoa kidogo, kikohozi cha kuficha jambo. "Nipe kisu. Kikali. Kioshe kwanza."

Chiriku alimpa. Mama alikata shina kidogo kidogo kutoka chini, kipande cheusi, kingine chenye mviringo wa kahawia katikati, kingine, mpaka akafika mahali penye kijani safi. Kwa kila kipande Chiriku alihisi kisu kinapita kwake. Kilichobaki kilikuwa kichwa tu, na majani machache ya juu, kinatosha kiganjani.

"Kitapona?"

"Sijui. Tutakilaza mahali pakavu, kidonda kifunge. Siku kadhaa hakitaona maji wala udongo. Baadaye tutakiweka kwenye udongo wa kichanga. Na haya majani mazima tuyalaze, huenda moja likatoa kichipukizi. Yatenge. Yaliyolegea tupa."

Walikaa wakitenga majani, bega kwa bega. Mikono ya mama ilikuwa myepesi, ya Chiriku mizito. Saa ya ukutani iliendelea na kazi yake.

"Anakulipa vizuri?" mama aliuliza ghafla.

"Hanilipi."

"Hakulipi? Unaangalia nyumba ya mtu bure?"

Chiriku aliliweka jani chini. Alijua kwamba maneno yanayofuata si yake kuyasema. Yalikuwa ya Futi, na Futi ndiye aliyepaswa kuyaleta, kwa adabu na kwa wakati wake. Lakini alikuwa ameshamwambia mama huyu ukweli mmoja, na wa pili haukukubali kungoja.

"Mama, mimi si binti wa kuangalia nyumba. Mimi ni fundi miwani. Nakuja hapa kwa sababu nampenda. Ameniomba anioe, na nimekubali."

Kisu kilitua mezani. Mama hakumtazama. Alitazama majani yale yaliyopangwa kwenye gazeti, na uso wake ukaonekana umezeeka ghafla.

"Lini?"

"Mwezi uliopita."

"Mwezi uliopita," mama alirudia. "Ananipigia simu kila Jumapili. Kila Jumapili, binti. Ananiambia habari za matope na mbu."

Kabla Chiriku hajajibu, funguo zilisikika mlangoni.

Futi aliingia akiwa na vumbi la njia mpaka kwenye nyusi. Ilimbidi ainame mlangoni kama kawaida yake. Wiki tatu Chiriku aliisubiri sura hiyo. Alikuwa amejipangia atakavyomkimbilia, na atakavyojifanya hamkimbilii. Sasa alikaa palepale na mikono yake ya tope, akasubiri jambo moja tu: macho ya Futi yatamwendea nani kwanza.

Yalikwenda mezani. "Kibonge!" alisema. Kisha yakaenda kwa mama. Kisha yakaja kwake, na yalipofika yalikuwa na woga mtupu.

"Karibu, mwanangu," mama alisema. "Pole na safari. Hebu niambie, huyu ni nani?"

Futi aliweka begi chini. Akaliinua tena. "Mama, huyu... ndiye yule niliyekwambia. Anayenisaidia..."

"Anayekusaidia nini?"

"Kuangalia..." Akalamba midomo. "Kuangalia nyumba."

Chiriku aliinuka. Alikwenda kwenye sinki akanawa mikono, mpaka kwenye viwiko, polepole, kwa sababu hakutaka kutoka na tope la nyumba hiyo. Akajifuta. Akachukua mkoba wake, akatoa funguo, akaziweka mezani karibu na kisu.

"Nyumba nimeiangalia," alisema. "Mama, nashukuru kwa kunifundisha. Kwaheri."

Futi alimfikia kwenye ngazi, ghorofa moja chini. Alikuwa ameshuka mbio, anahema.

"Chiriku, ngoja. Nisikilize."

"Nilikusikiliza. Nimekusikia vizuri sana."

"Nilishikwa ghafla. Nilikuwa nimepanga kesho, nimkalishe, nimweleze taratibu..."

"Ulikuwa na Jumapili ngapi za kumweleza taratibu?"

Futi alishika ukingo wa ngazi. Mtu mrefu kama yeye, lakini pale kwenye ngazi alionekana mfupi. "Wewe hujui," alisema. "Mama yangu mwenyewe alifariki nikiwa darasa la pili. Huyu aliponipa binti yake alinifanya mtoto wake. Marehemu alipofariki nilidhani nimempoteza na yeye, lakini aliendelea kuniita mwanangu. Sina mama mwingine. Siku nikimwambia nimepata mke, mimi nitakuwa nani kwake?"

Chiriku alimwamini. Hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwamba alimwamini na alimhurumia, na huruma hiyo haikutengua kitu.

"Na mimi, nitakuwa nani kwako?" aliuliza. "Leo nimefungua mlango nikaulizwa kama mimi ni binti wa kuangalia nyumba. Nikajiambia, labda amemsikia vibaya. Kisha umeingia wewe, ukasema kwa kinywa chako, nikiwa nimekaa pale. Futi, mimi siogopi mama yako. Siogopi picha ukutani. Naogopa kuwa mke wa mtu anayenitaja kwa kunong'ona."

"Nakupenda."

"Unanipenda kwenye ngazi."

Akamshika mkono. Chiriku aliuacha ushikwe kwa muda wa pumzi moja, kisha akautoa.

"Panda juu," alisema. "Mama yuko peke yake."

Usiku ule na siku iliyofuata Chiriku alikuwa kwa dada yake, kwenye kile chumba walicholelewa pamoja. Dada hakusema, "Nilikwambia." Alimwekea chai, akamtazama akiiacha ipoe, akamwekea nyingine. Kila simu ilipolia Chiriku aliruka. Ililia mara nyingi, na kila mara alikuwa mteja wa Dada akiulizia nguo zake. Kufika jioni ya Jumapili alikuwa ameshajaribu kumchukia Futi mara kadhaa na kila jaribio limeshindwa njiani.

"Akirudi utafanyaje?" Dada aliuliza.

"Harudi."

"Nimeuliza akirudi."

"Nitamsikiliza," Chiriku alisema, akaanza kulia. "Ndiyo shida yangu, Dada. Nitamsikiliza."

Jumatatu duka lilijaa. Watu wanne walikuwa kwenye benchi, na Chiriku aliinamia fremu iliyovunjika, akishukuru kwamba kazi yake inataka macho na kichwa kilichoinama. Aliona kivuli kwenye kaunta. Miwani ikawekwa mbele yake, mkono mmoja umechomoka, mwingine umepinda kama mguu wa kuku.

"Nimeikalia," sauti ilisema. "Juzi, kwa hasira."

Aliinua uso. Alikuwa mama, amesimama ameyakunja macho kama mtu anayetafuta nyumba kwenye ukungu. Mlangoni, ameinamisha kichwa kusudi asigonge, alisimama Futi.

Chiriku hakujua asalimie au akimbie. Akafanya alichokijua: akachukua miwani.

"Shikamoo, mama. Nitainyoosha."

"Marahaba. Nyoosha tu. Mimi nitaongea." Mama aliegemea kaunta. Wale wa kwenye benchi waliacha kusoma magazeti, japokuwa waliyashikilia. "Alinieleza. Ilimchukua usiku mzima kufika kwenye jambo lenyewe, alianzia kwenye matope tena. Nilimfokea. Nikalia pia, sitakuficha. Nilipokwenda kulala nilikuwa nimekukasirikia hata wewe, na hujanikosea kitu. Nikiiona nafasi ya mwanangu inakaliwa, binti, inaniuma. Itaendelea kuniuma. Usitegemee nikupende leo."

"Sitegemei, mama."

"Vizuri. Lakini ulinifungulia mlango ukaniambia ukweli, na wa pili ukaniambia kabla sijamaliza kumeza wa kwanza. Yule pale ameshindwa kwa mwezi mzima." Akaelekeza kidole mlangoni, pembeni kidogo ya mahali Futi alipokuwa. "Haya, mwanangu. Ulisema una neno."

Futi alisogea mbele. Watu wa kwenye benchi walikunja miguu kumpisha. Alikuwa amenyoa, amevaa shati safi.

"Mama," alisema, na macho yake hayakuwa kwa mama, yalikuwa kwa Chiriku, moja kwa moja, bila kukwepa. "Huyu ndiye ninayetaka kumuoa. Nampenda. Si mtu wa kuniangalizia nyumba. Nilisema uongo mbele yake kwa sababu nilikuwa mwoga, na sitasema tena. Kama bado ananitaka."

Chiriku alikaza skrubu ya mwisho, na haikuwa rahisi, kwa sababu aliiona mbili. Akazunguka kaunta. Akamvalisha mama miwani, akaisawazisha nyuma ya masikio, akaipandisha kidogo puani. Mama alipepesa macho. Alimtazama kutoka kwenye nywele hadi kidevuni, bila haraka, na Chiriku alisimama akatazamwa.

"Sema tena," mama alimwambia Futi, bila kumwondolea Chiriku macho. "Ulipokuwa unasema nilikuwa simwoni."

Futi akasema tena. Safari hii sauti yake ilifika mpaka barabarani, na mwanamke aliyekuwa akipita alisimama akachungulia.

"Bado nakutaka," Chiriku alisema. "Lakini jioni hii unakuja kwetu. Dada yangu ana maswali, na yale ninayoyajua mimi ndiyo mepesi."

Rangi ilimtoka Futi. Akatazama kaunta, akatazama dari, akajipapasa mfukoni akaishika ile futi yake ya chuma. "Jioni hii hii?"

Mama akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza Chiriku kumsikia akicheka, kicheko kifupi chenye maumivu ndani yake, lakini kicheko. Alichukua mkoba wake akaupachika kwenye kiwiko.

"Tutakwenda wote," alisema. "Peke yake huyu ataishia kwenye ngazi."

"Mama?" Futi alisema, kwa sauti ya mtu ambaye hana hakika na alichosikia. "Wewe utakuja?"

"Nisije nani aje? Kwani una mama mwingine wa kwenda kukusemea?"